Mikono Inatetemeka Nikishika Usukani

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 20, nyumbani Igurusi, ni utingo wa semi ya Dar kwenda Lubumbashi. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa kwa mjomba, na kwa mjomba kila kosa lilikuwa na fimbo yake. Sasa dereva wangu ameanza kunifundisha gari yadi, lakini akipaza sauti tu mikono inatetemeka na gari inanizimikia. Halafu juzi nimeona tairi la ndani la tela limetoa uvimbe. Sijamwambia, naogopa atasema sikukagua vizuri. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa dereva? Na leseni naanzia wapi?
Utingo wa Igurusi

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Hapo kwenye tairi nilisimama muda mrefu, nitaparudia.

Mimi ni mtu wa Makete. Miaka ile kwetu tulizika watu wengi sana kwa UKIMWI. Mama yangu alikwenda mwaka 1989, nina miaka tisa. Bibi akanichukua, naye hakukaa sana. Nikapelekwa kwa baba mdogo, Makambako. Ameshatangulia mbele ya haki, sitamsema mengi. Mkanda wake ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mlango ukifunguliwa kile chuma cha mkanda kinagonga mbao. Mpaka leo nikisikia mlio kama ule, nikiwa hata gesti Tunduma, mgongo unakaza wenyewe.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1995 na sikurudi kwake. Nikahamia kwenye maegesho ya malori. Makambako mwezi wa saba unaijua baridi yake. Tulikuwa tunalala chini ya gari iliyozimwa muda si mrefu, kwa sababu injini inatunza joto mpaka usiku wa manane. Mchana tunaosha rimu, usiku tunalinda mzigo, malipo chai na chapati. Mwaka 1998 dereva mmoja akanipandisha kuwa utingo wake.

Safari ya tatu au ya nne tulikuwa tunashuka mlima Kitonga, kule Iringa, na shaba, tani 28. Nikaona moshi kwenye kioo cha upande wangu, magurudumu ya tela. Harufu ya breki kuungua ikaja. Nikanyamaza. Tukakata kona, nikanyamaza. Akili yangu ilikuwa inahesabu kitu kimoja tu: nikisema, nitaulizwa nilifanya nini. Kona iliyofuata dereva akainusa mwenyewe, akaibana gari kwa injini mpaka akapata sehemu pana, nikaruka na gogo kuzuia tairi. Akashuka, akaniuliza, "Umeuona moshi tangu wapi?" Nikamwambia ukweli, huku nimejikunja nikisubiri kofi. Hakunipiga. Akakaa juu ya jiwe, akavuta pumzi, akasema, "Mdogo wangu, mimi naona upande mmoja. Upande wa pili ni macho yako."

Pale kando ya barabara ndipo nilipoelewa kilichonipata utotoni. Fimbo za baba mdogo hazikunifundisha kutokosea. Zilinifundisha kuficha. Nilikuwa bingwa wa kuficha: sufuria iliyotoboka, kuku aliyepotea, homa. Nyumbani kuficha kulinipunguzia kipigo. Barabarani kungetuua sote wawili, pamoja na basi lililokuwa linapanda mbele yetu.

Kwa hiyo, mwanangu, kutetemeka hakunitishi. Kutetemeka kunapungua. Mimi kulinichukua karibu mwaka, na siku mbaya bado kunarudi kidogo. Mwambie dereva wako, asubuhi kabla hamjawasha gari, "Kaka, ukinifokea nasahau hata klachi iko wapi. Ukiniambia taratibu nitashika haraka." Akikucheka, tafuta mwingine wa kukufundisha, wapo. Halafu zunguka gari kila alfajiri ukigusa na kutamka kwa sauti unachokiona: nati, upepo, taa, mabomba ya breki, kamba, turubai. Kizuri kitamke, kibovu kitamke vilevile. Mdomo wako uzoee kusema ubovu bila kuomba radhi. Hii ndiyo dawa iliyonisaidia mimi kuliko nyingine yoyote, na nimeifanya kwa miaka zaidi ya 20.

Leseni sasa. Umri umetimiza. Anza na leseni ya kujifunzia, nenda chuo cha udereva kilichosajiliwa (VETA ipo hapo Mbeya, huna haja ya kwenda Dar), kisha mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani. Utaanza na daraja D, magari madogo. Lori kubwa na tela ni daraja E, na huko unafika baada ya kupata uzoefu. Mimi E niliipata 2006, na elimu yangu ni hiyohiyo ya darasa la saba. Kuna watakaokwambia utoe hela uletewe leseni mkononi. Usikubali. Kitonga haisomi karatasi. Ukishuka na mzigo, gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo, au ndogo zaidi, uache injini ikubane, na usiachie fri, yaani kuteremka bila gia, hata kama bosi analalamikia mafuta.

Mjomba hukuniuliza habari zake, na mimi sitakushauri. Hayo una muda nayo.

Tairi halina muda. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimeshakatika, halitapona kwa kupunguzwa upepo wala kwa dua. Likipasuka la ndani, mzigo wote unalielemea la nje lililofungwa pembeni yake, na hilo nalo halitafika mbali. Mwambie leo, kabla hamjapakia.