Corolla ya 2015 na theluji ya Montreal: rimu 15 au 16?

Hongera kwa gari, dada. Umeuliza kama Corolla LE yako ya 2015, inayovaa tairi za 205/55R16 (namba ya mwisho ni inchi za rimu), inaweza kupanda rimu za inchi 15 wakati wa baridi. Inaweza. Tafuta tairi za 195/65R15: kimo karibu ni kilekile, bei huwa nafuu, na ubavu wake mrefu huvumilia mashimo ya barabarani ya Machi. Rimu za chuma zinatosha. Sura ni ya sufuria, lakini chumvi ya barabarani iache itafune hizo, si zile zako nzuri. Hakikisha matundu ya rimu ni 5x100, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 100.

Usinunue mbili tu! Mwaka wangu wa kwanza nilifunga tairi za theluji mbele peke yake. Nikakata kona, nyuma ikataka kutangulia. Nunua nne, zote zenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Quebec, jimbo la Montreal, sheria inazidai kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ukipata za mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.

Ukishatembea kilomita 100 hivi, kaza nati tena. Usukani ukitetemeka, mwone fundi.