Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, kazi zenu wapeni wenzenu wazisome

Nawaandikia nyie mnaoripoti chuo mwaka huu maana kuna jambo hakuna aliyeniambia na likanigharimu semista nzima.

Semina ya kwanza nilisimama kuprizenti, nikakosea kutamka neno moja la Kiingereza, wa nyuma wakacheka. Basi. Kuanzia hapo nikawa wa kukaa kona, lekcha akiuliza jibu ninalo ila mdomo haufunguki, na mbaya zaidi nikaanza kuamini kozi yenyewe siiwezi, wakati kilichochekwa ni matamshi tu, hoja zangu hakuna hata mmoja aliyezigusa. Wengi wetu tumesoma msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikaja kutukuta sekondari, kwa hiyo hili litawapata wengi wenu.

Aliyenitoa huko ni rumeti wangu. Alichukua asaimenti yangu akaisoma na kalamu mkononi, akasema aya ya pili imekaa vizuri mfano wako nimeuelewa, ila ya tatu sijaona umefikaje hapo, umeruka. Nikarudi mezani nikaiandika upya mpaka ikanyooka. Hakunisifia kivile, alinionyesha pa kushika, na nilipoona nimerekebisha kwa mkono wangu ndo nikajua kumbe naweza.

Baadaye darasani nikakutana na mwanasaikolojia Albert Bandura, aliandika 1977 kwamba imani ya mtu kuwa ataiweza kazi fulani inatoka sehemu 4: kuifanya mwenyewe ukaiweza, kumuona mtu kama wewe akiiweza, maneno unayoambiwa, na jinsi mwili unavyojisikia, kama moyo kwenda mbio. Ya kwanza ndo yenye nguvu kuliko zote. Halafu watafiti Kluger na DeNisi, 1996, walijumlisha tafiti nyingi wakakuta maoni anayopewa mtu juu ya kazi yake kwa wastani yanasaidia, ila zaidi ya theluthi moja yalishusha ufanisi, na hasa yale yanayomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kazi. Nilipoisoma hiyo nikakumbuka kile kicheko.

Kwa hiyo ukimpa mwenzio kazi yako usiulize "vipi iko poa?", utajibiwa iko poa na utakuwa hujapata kitu. Uliza "hapa hoja yangu imeeleweka?" Na usiitupe kwenye grupu la WhatsApp la darasa zima, tafuta wawili unaowaamini kwenye diskasheni yenu.

Na wewe ukisoma ya mwenzio chunga mdomo. Nilishamwambia rafiki yangu "hujaelewa kitu wewe" kwa sababu tu nilikuwa nimechoka, akaacha kuja diskasheni wiki mbili, nikamfuata hosteli kumuomba msamaha na tukaipitia ile kazi upya mstari kwa mstari. Bado inaniuma.

Halafu muda. Mpe mtu rasimu siku 3 kabla ya kukusanya, maana ukimpa usiku wa mwisho hata akikuonyesha kosa huna nafasi ya kulirekebisha, unaenda kulala nalo kichwani na asubuhi unakusanya kazi ambayo tayari huiamini.