Mheshimiwa wetu wa Minnesota hana CDF, acheni nieleze vizuri

Binamu ameuliza kwa group ya familia, "Kwani nyinyi huko Minnesota si mlichagua Mkenya akaingia bunge? Sasa amewafanyia nini, na mbona msimwambie atutafutie pesa ya dispensari, ama hata asaidie kijana wa shangazi kupata visa?" Na nimeona vile mmeunga mkono, mpaka mjomba ambaye huwa hasemi kitu. So wacha nijibu mara moja tu, itakuwa ndefu, mtanivumilia, niko break ya shifti ya usiku na wazee ninaowauguza hapa nasing home wamelala.

Ni kweli tulichagua. Novemba 2024 watu wa Brooklyn Park, huu mji ninaokaa kaskazini ya Minneapolis, walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, na mkasherehekea huko nyumbani kushinda hata sisi tuliopanga laini kupiga kura. Lakini hilo ni bunge la jimbo, si lile la Washington. Mambo ya visa, green card, ubalozi, nani ashukishwe airport nani arudishwe, hayo yote ni ya serikali kuu na mbunge wa jimbo hawezi kugusa hata kidogo, so kijana wa shangazi asubiri appointment yake kama watu wengine wote na ajitayarishe kujibu maswali.

Pili, huku hakuna CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge kama wa Kenya. Najua hili linawashinda kuelewa juu hata mimi nilipofika nilitafuta ofisi ya mheshimiwa nikidhani kuna foleni ya basari na watu wamekaa nje kwa benchi na fomu mkononi. Hakuna. Hakuna harambee, hakuna mabati, hakuna mia mbili ya nauli baada ya mkutano. Mbunge wa jimbo hapa analipwa kitu kama dola elfu hamsini na kidogo kwa mwaka, na kuna nesi kazini kwetu akipiga ovataimu vizuri anampita. Wengi wao wana kazi nyingine, mwalimu, wakili, mkulima, juu bunge lenyewe linakaa kuanzia mwanzo wa mwaka mpaka Mei halafu wanaenda nyumbani. Hakuna walinzi, hakuna msafara, unamkuta supamaketi akichagua nyanya na unamwita jina lake la kwanza, kitu ambacho mimi mpaka leo kinanishinda, natafuta njia ya kuzunguka nisiseme jina kabisa.

Alichonacho ni kura moja. Moja kati ya 134 kwa ile nyumba ya wawakilishi, na kuna maseneta 67 upande mwingine. Sasa mtaniuliza kura moja ni kitu gani, na hapo ndio nataka mnisikilize, juu hio kura nimeona ikimpa mtu dawa na nimeona ikimnyang'anya.

Tuanze na maendeleo juu ndio mnapenda. Barabara, daraja, mitambo ya maji taka, majengo ya chuo, pesa nyingi ya vitu kama hivyo inatoka kwa mswada wanaouita bonding, yaani jimbo linakopa kwa hati fungani halafu linagawa kwa miradi. Meya wa mji anakuja na karatasi zake St. Paul, mji mkuu wa jimbo, kwa kamati ya bunge, anaomba kama mtu mwingine yeyote, na anaulizwa maswali. Kupitisha huo mkopo si nusu ya kura, ni asilimia 60, yaani 81 kwa nyumba ya wawakilishi, so hakuna chama kinaweza peke yake, lazima wale wa upande ule mwingine wapate kitu cha kwao pia. Mwaka 2023 walipitisha miradi ya dola bilioni 2.6. Mwaka 2024 wakakorofishana dakika za mwisho, saa ikafika, wakatoka bila senti moja, na kila mji uliokuwa umepanga bomba lake la maji ukarudi kungoja. 2025 wakapitisha milioni 700. Ndio hivyo. Mheshimiwa hawezi kuja kanisani na kusema nimewaletea barabara, atasema tumejaribu, na mwaka mwingine anasema tumeshindwa, na watu wanapiga makofi kidogo wanaenda kunywa kahawa.

Afya sasa. Hapa ndio mnadanganywa sana na picha tunazotuma. Marekani ukiugua bila bima umeisha, na hata ukiwa na bima unaweza kuisha polepole. Kuna kijana wa hapa Minnesota aliitwa Alec Smith, alikuwa na kisukari, akafika miaka 26 akatolewa kwa bima ya mamake juu hio ndio sheria, akaanza kupunguza insulini yake mwenyewe ndio ifike mwisho wa mwezi. Akafa 2017, haikuwa imefika hata mwezi mmoja tangu bima iishe. Nchi tajiri kuliko zote, kijana anakufa juu ya dawa ambayo imekuweko miaka mia. Mamake akaenda pale bungeni, akarudi, akarudi tena, na mwaka 2020 wakapitisha sheria yenye jina la mtoto wake, mtu akiishiwa na hana uwezo anaenda famasi anapata insulini ya siku 30 kwa si zaidi ya dola 35. Mjue haikupita kirahisi, ilikwama kwanza juu walikuwa wanabishana nani alipe, serikali ama makampuni ya dawa.

Mimi nimeshaingia kwa hizo kamati. Mtu yeyote anaweza, unajiandikisha tu. Ukumbi wa kawaida na karatasi kila mahali, unapewa dakika mbili, kuna saa inahesabu. Nilienda na wenzangu wa nasing home, mama mmoja wetu alikuwa ametoka shifti na bado amevaa skrabu, viatu vyake vya kazi vina chumvi ya barabara juu ilikuwa theluji, akaongea kuhusu kuinua mgonjwa wa kilo mia na kidogo akiwa peke yake usiku. Mheshimiwa mmoja alikuwa anakula karanga. Mwingine alikuwa anaandika kila kitu. Dakika zikaisha katikati ya sentensi na mwenyekiti akasema asante, anayefuata. Nikasema moyoni hii ni bure kabisa, kumbe mwaka 2023 wakaunda bodi ya kuweka kima cha chini cha mshahara wa watu wa nasing home, na mwaka huohuo wakapitisha likizo ya ugonjwa, kila ukifanya kazi masaa 30 unapata saa moja ya kulipwa ukiugua. Na kuanzia Januari 2026 kuna ile ya kulipwa sehemu ya mshahara ukizaa ama ukiuguza mtu wako, wiki mpaka 12. Tunakatwa kwa ajili yake, jumla asilimia 0.88, mwajiri analipa angalau nusu. Nyinyi mnaolia na asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya huko, mtaona ni kitu kidogo, lakini kelele za hapa mngezisikia mngedhani wamekatwa mkono.

Sasa ile iliyoniuma. 2023 hao hao wabunge walipitisha kwamba MinnesotaCare, bima ya jimbo ya watu wa kipato cha chini, ichukue hata wasio na makaratasi, kuanzia Januari 2025. Kuna mzee kanisani kwetu, simtaji, amekaa hapa miaka mingi na visa iliisha zamani, ana presha na sukari. Alikuwa anagawanya vidonge na kisu cha jikoni, nusu leo nusu kesho, na vile vijikaratasi vya kupimia sukari anatumia Jumapili tu "ndio nijue kama naweza kula chapati." Alipopata ile kadi alikuja nayo kanisani kwa mfuko wa shati, anaitoa anairudisha. Kwa mara ya kwanza alimwona daktari akiwa hajazimia, juu kabla ya hapo ni emajensi tu, huko hawawezi kukufukuza lakini bili inakufuata nyumbani.

Haikuvuka mwaka. 2025 nyumba ya wawakilishi ilikuwa sare, 67 kwa 67, wale wa DFL, yaani Democrat wa hapa, walianza hata kwa kususia vikao mpaka Februari. Bajeti ikakwama, serikali ya jimbo karibu ifungwe, na Republican wakasema bei yao ni moja, watu wazima wasio na makaratasi watoke kwa hio bima. Watoto wakaachwa. Tarehe 9 Juni kura ikawa 68 kwa 65, na wa DFL aliyeunga alikuwa mmoja tu, Melissa Hortman, kiongozi wao, aliyekuwa spika wakati ile sheria inapitishwa. Alilia mbele ya waandishi baada ya hio kura. Mimi nilikuwa na hasira naye, sitawadanganya.

Siku tano baadaye, Jumamosi alfajiri, simu zote za mtaa wetu zikalia mara moja. Kaeni ndani, msifungue mlango, hata kwa polisi, kwanza pigeni 911 muulize kama ni polisi wa kweli. Mtu amevaa kama askari alikuwa ameenda kwa seneta John Hoffman akampiga risasi yeye na mke wake, wakapona, halafu akaja huku Brooklyn Park akamuua Hortman na mume wake Mark nyumbani kwao. Sisemi ni juu ya ile kura. Nasema tu nilikaa chini ya dirisha na watoto siku hio, helikopta juu, na nikakumbuka kwamba nyumba ya huyo mama haikuwa na geti wala mlinzi, ni nyumba tu kama za majirani. Nyinyi mnaosema wabunge wa huku wanaishi raha, hapo sijui niwajibu nini.

Mzee wa kanisani alipata barua, bima mwisho Desemba 31. Sasa anaenda kliniki ya jamii, wanatoza kulingana na mfuko wako, si mbaya, lakini kile kisu kimerudi kazini.

So dispensari. Hata kama mheshimiwa wetu angetaka, hana senti ya kutuma nje ya jimbo. Na nyinyi mnamwandama mtu wa Minnesota wakati afya huko kwetu iko chini ya kaunti tangu 2013, si hata kazi ya mbunge, ni gavana na MCA wenu, mwakilishi wa wodi, yule mnamsalimia sokoni. Kila mwaka wanaita public participation ya bajeti na nikiwauliza mnasema hamkujua. Mtu aende aulize tarehe, aniletee jina la wodi na kile kipande cha shamba mnachosema kimetengwa, nitaandika memoranda vizuri na mtie sahihi wote, hata mjomba. Pesa ya dawa za mama nitatuma M-Pesa Ijumaa nikilipwa. Kengele ya rumu 12 inalia, wacha niende.