Ukilia Mwanaume Akatoka Nje, Usikimbilie Kusema Hakupendi

Wadada nikikaa nao saluni lalamiko ni lile lile, yani nalia mbele yake na yeye ananyanyuka anachukua funguo anaondoka, huyu mtu ana roho gani? Na mi nawajibu kwa kitu nilichokiishi maana mume wangu ni wa aina hiyo hiyo.

Msiba wa mama yangu ulipoisha, watu wametawanyika, matandiko yameanuliwa, usiku ndo kilio kikaanza upya tena kikubwa kuliko siku ya kuzika. Baba watoto akatoka akaenda barazani, namsikia tu anatembea huku na huku. Asubuhi hata chai hajanywa kashaongea na fundi wa kujengea kaburi na mifuko ya saruji kashalipia. Hakuna aliyemtuma jamani. Kwake yeye hilo ndo lilikuwa jibu la kile kilio cha usiku.

Wengi wako hivyo. Toka mdogo akianguka akalia anaambiwa jikaze we si mwanaume, kakua hajawahi kuona mtu mzima analia halafu akakaliwa tu karibu bila maneno, sasa akiona machozi ya mke wake anatafuta kitu cha kurekebisha, akikosa anakimbia. Ndo unakuta mwingine ukilia anakutumia hela, mwingine anarudi na chipsi kuku, mwingine anakupa ushauri wa nusu saa hujauomba.

Kama kilio kimetokana na ugomvi ni zaidi. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa John Gottman, yeye na wenzake wamepima mapigo ya moyo ya wanandoa wakiwa wanabishana, na anasema yakishapita 100 kwa dakika mtu anakuwa hasikii tena vizuri anachoambiwa, na kwenye ndoa alizochunguza waliokuwa wananyamaza na kujifungia zaidi ni wanaume. Ushauri wake ni mpumzike angalau dakika 20 ndo mrudi kuongea. So mwache atoke, ila arudi, na aseme kabisa narudi. Anayetoka saa mbili usiku akarudi saa tisa kalewa huyo hajaenda kupumzika.

Kitu kilichosaidia kwangu ni kuongea siku ambayo hakuna anayelia. Jumapili mmeshiba, watoto wako nje, mwambie mume wangu mi nikilia sitaki ushauri, kaa hapa, nishike mkono, niambie pole basi. Ukimfundisha katikati ya kilio hashiki kitu. Mwanzo wangu alikuwa anakaa kweli ila macho yako kwenye simu, nikamwambia na simu weka chini, akaweka, siku hizi anajua mwenyewe.

Na nyie wanaume, ile ya "unalia nini sasa, kwani nimekupiga?" iacheni kabisa. Hata kama hujui la kusema, kaa, mpe maji ya kunywa, ukitaka kuuliza uliza mara moja tu.

Hafu mwenye mke aliyejifungua juzi nisikilize vizuri. Siku ya tatu mpaka ya tano hivi machozi yanaweza kuja tu bila sababu, homoni zimeshuka ghafla, usingizi hakuna, kwahiyo usimwambie anadeka. Beba mtoto, yeye alale. Kwa kawaida inaisha ndani ya wiki 2, ikizidi hapo mpeleke kituo cha afya, na kama ameanza kusema bora afe au anaogopa atamdhuru mtoto usisubiri wiki wala kesho, mpeleke hapo hapo na usimwache peke yake.

Sasa yupo mwingine ambaye simtetei hata kidogo, yule ukilia ndo anazidi kupiga, au anacheka. Huyo dada yangu usimkalishe Jumapili kumfundisha. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakataza mwenzi kumchapa mwenzake, kwahiyo usikubali kuambiwa ni mambo ya ndani. Mwambie ndugu mmoja unayemwamini, chukua watoto, nenda dawati la jinsia kituo cha polisi, na kama una majeraha omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ukatibiwe.