Spamu zinapita na ALL_TRUSTED, rekebisha trusted_networks

Ndugu yangu, umesema seva ya meili ya gesti yenu hapo Shela iko nyuma ya ruta, ina anwani ya 192.168, na spamu zinaingia zimegongwa ALL_TRUSTED, yaani alama ya kwamba seva zote zilizopitisha meili hiyo ni za kuaminiwa. Basi shida ndo hiyo. Usipoiambia, SpamAssassin (ile programu ya kuchuja spamu) inabahatisha yenyewe seva zipi za kuaminiwa, na ikiwa nyuma ya ruta mara nyingi inakosea, hapo tapeli wa nje anapewa pointi -1 ya bure, na pointi zikipungua meili haionekani spamu.

Fungua local.cf, faili la mipangilio ya SpamAssassin, uandike mwenyewe orodha ya seva za kuaminiwa: trusted_networks 192.168.1.10 (weka ya kwako), halafu IP ya ile seva ya provaida inayowapitishia meili. internal_networks weka zile tu zinazopokea meili za domeni yenu, na zote ziwemo pia kwenye trusted. 127.0.0.1 usihangaike nayo, imo tayari.

Watu wengi wanachanganya hapa, kuamini seva si kusema haileti spamu, ni kusema haidanganyi kwenye mistari ya Received (ile ya juu ya meili inayoonyesha imepokelewa kutoka kwa nani), kama mtu wa boti pale Mokowe, mzigo ukiwa mbovu si kosa lake ila ukimuuliza kaupokea kwa nani anakwambia kweli.

Usiweke bloku nzima ya IP za provaida! Mimi niliweka kwa uvivu, wateja wao wengine wenye kompyuta za virusi wakanimwagia matangazo ya dawa za nguvu wiki nzima.

Ukimaliza piga spamassassin --lint ikague kama umekosea kuandika, ristati spamd (SpamAssassin inayokaa ikifanya kazi nyuma), kisha pitisha spamu moja ya zamani kwa spamassassin -D, inayoonyesha hatua zote, uangalie mstari wa X-Spam-Relays-Untrusted, yaani seva zisizoaminiwa, IP ya yule wa nje ikitokea hapo umepata.