Bomba la Gesi Lilipovuja Ndani ya Ukuta

Kwetu Tudor, Mombasa, mtungi wa gesi wa kilo 13 unakaa uani, na bomba la shaba linapenya ukuta hadi kwenye jiko. Juzi, baada ya magharibi, mamangu alisikia harufu ya gesi akanyoosha mkono kuwasha feni "itoe harufu." Nikamdaka. Cheche ya swichi yatosha kulipua nyumba. Tulifunga mtungi, tukafungua milango, taa hatukuzigusa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni. Kidirisha cha juu kisingetufaa kitu, mlango wa uani ndio uliofaa.

Asubuhi, moto haupo popote, nilifungua mtungi nikapaka povu la sabuni. Regyuleta, ile ya kichwani mwa mtungi, safi; nati safi. Mapovu yalianza kufura pale bomba linapoingia ukutani, kwenye doa la kijani dogo kama kunde. Waliojenga walilizika bomba kwenye saruji bila kinga yoyote, na hewa yetu ya chumvi mnaijua.

Fundi wa kwanza alikuja na gundi na tepu. Nikamwambia, "Kaka, hili si bomba la maji." Akanuna, akaenda zake.

Wa pili alinionyesha kibali chake kabla sijamuuliza. Hakuziba tundu, aling'oa kipande chote, akapitisha kipya ndani ya paipu ya plastiki ili shaba isiguse saruji. Viungo vyote akaviacha nje ya ukuta vionekane. Kiungo cha gesi kisifichwe ukutani hata kama mwenye nyumba anataka urembo. Nami nilisimama kando nikikagua kama mtu anayefunua matamvua ya samaki sokoni.

Usilipe kabla bomba halijapimwa. Huyu alijaza hewa bombani kwa pampu, akafunga geji ya kupima presha, tukanywa chai. Vikombe vikaisha, mshale uko palepale, yaani hewa haivuji. Ndipo akaunga mtungi na kupaka sabuni tena kila kiungo. Fundi anayepima kwa kiberiti, mwonyeshe mlango.

Kumbe na mpira wa gesi unaoingia jikoni, ulioonekana mzima, ulikuwa umepita tarehe iliyochapishwa ubavuni. Nimenunua mwingine, na klipu mpya pande zote mbili.

Feni nimeihamishia chumbani. Mamangu analalamika joto.