Ukikutana na Comptroller, Uliza Kwanza Anafanya Nini

Wanaotafsiri nyaraka za ofisi wanajua kwamba cheo kimoja kinaweza kukula muda kuliko ukurasa mzima. Kwangu kinachosumbua zaidi ni comptroller. Ni cheo adimu, na ukifungua kamusi unapewa "mdhibiti", basi.

Kama wewe ni mkalimani, anza na matamshi. Wazoefu husema "kontrola", ile p haisikiki. Neno limetoka katika Kifaransa cha kale: daftari la pili, linaloandikwa sambamba na la kwanza ili hesabu zilinganishwe. Baadaye waandishi walidhani linahusiana na compte, yaani hesabu, wakaligeuza tahajia. Wewe shika hilo daftari la pili. Mwaka 1374 mshairi Geoffrey Chaucer alipewa wadhifa huu kwenye forodha ya sufu na ngozi katika bandari ya London, na alitakiwa aandike daftari lake kwa mkono wake mwenyewe. Ushuru walikusanya wengine. Yeye aliwekwa ili hesabu zao ziwe na macho ya pili. Ndiyo maana sipendi kumwona comptroller akitafsiriwa "mhasibu mkuu".

Uingereza na India wana Comptroller and Auditor General. Sisi Tanzania tunaandika Controller, lakini cheo ni kilekile, na Kiswahili chake kimo kwenye Katiba, Ibara ya 143: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kudhibiti ni kabla ya fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Kukagua ni baada ya kutumika. Kenya, kwa Katiba ya 2010, walizitenganisha kazi hizo na kumpa kila mtu ofisi yake, mmoja wa bajeti, mwingine wa ukaguzi. Tafadhali usichukue cheo cha Dodoma ukakibandika Nairobi.

Halafu kuna Ikulu. State House Comptroller hakagui hesabu za serikali. Ni msimamizi wa shughuli za Ikulu yenyewe. Tanzania tuna neno zuri mno kwa cheo hiki: Mnikulu. Inaniuma kuona taarifa za habari zikiandika "Mdhibiti wa Ikulu" wakati neno lipo, limekaa tayari.

Marekani ndiko kwenye mtego mkubwa. Comptroller of the Currency, ofisi iliyoanzishwa 1863, inasimamia benki zenye leseni ya serikali kuu. Ukiandika "Mdhibiti wa Sarafu", msomaji ataelewa kwamba anachapa noti au anapanga thamani ya dola. Mimi huacha cheo kwa Kiingereza mara ya kwanza kinapotajwa, kisha naeleza kazi kwa sentensi moja ya Kiswahili.

Kwenye taasisi binafsi hakuna katiba ya kukusaidia, hivyo muulize mwenye cheo. Mzee mmoja aliniletea barua ya utumishi kutoka chuo cha ng'ambo. Nilimuuliza: hati ya malipo ikifika mezani kwako, ulikuwa unaifanyaje? Akajibu kwamba aliilinganisha na bajeti na ankara, na bila saini yake hundi haitoki. Malipo yenyewe yalifanywa na idara nyingine. Nikaandika Mdhibiti wa Fedha.